Mnaishije Huko?

Mwishoni mwa 2017 ndugu zetu wa Ulaya walikuwa wakitupigia simu kwa sauti ya kutoa pole. Walisoma kwamba magazeti yamefungiwa, mikutano ya hadhara imepigwa marufuku, na Tundu Lissu amemiminiwa risasi Dodoma mchana kweupe. Mnaishije huko? Waliyoyasoma yote yalikuwa kweli. Ila sisi wa Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, maisha yetu ni kukaanga maandazi na kupangisha vyumba, na swali letu lilikuwa makinikia, ule mchanga wenye madini, yataondoka lini.

Serikali iliyazuia kusafirishwa nje tangu Machi. Redioni tukasikia ripoti ya Profesa Mruma, kisha ya Profesa Osoro, halafu deni la kodi la dola bilioni 190. Kahawa ya kijiweni ilinoga! Hata wasiompenda Rais Magufuli walikiri kwamba safari hii mzee amewakomesha wenye mgodi. Anayeandika kuhusu udikteta akiwa mbali hajui utamu wa kusikia kuwa bosi wa wale waliozoea kukupita na magari, wakikuachia vumbi, amekuja Ikulu kuzungumza. Kisha mgodi ukapunguza kazi. Wapangaji wakafunga virago, mama lishe wakabadili sufuria kubwa kwa ndogo. Mtu akianza kusema "lakini...", wenzake walihamia Simba na Yanga. Hatukukatazwa na askari yeyote, tulijifunza wenyewe.

Mjomba wangu, mchimbaji wa Nyarugusu, yeye alineemeka. Miaka yote alimuuzia broka dhahabu chumbani: mizani ya broka, bei ya broka, na ukibisha unaambiwa urudi nayo. Mapema 2019 wachimbaji wadogo wakaondolewa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na Machi Waziri Mkuu Majaliwa akafungua soko la dhahabu Geita. Mjomba akapima mbele ya ofisa, akakatwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, akapewa risiti. Aliikunja akaiweka pamoja na hati ya kiwanja. Ndugu wa Ulaya angemwambia nini mtu huyu? Mimi mwenyewe nilishindwa.

Lakini ni mjomba huyohuyo ambaye, kwenye uchaguzi wa 2020, alinitaka nizime simu kabla sijataja jina la mgombea wa upinzani. Tulikuwa wawili tu, tumekaa juu ya viroba vya marudio, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa, na karasha la kusagia linanguruma kiasi kwamba hata mimi sikumsikia vizuri.

Januari 2023 Rais Samia aliruhusu tena mikutano ya hadhara. Mjomba alihudhuria wa kwanza uliofika karibu naye. Jioni nikampigia: walisema nini?

"Mengi, mjomba," akajibu. "Njoo nyumbani. Hayo si ya simu."