Kivuli Nyuma ya Nyumba



Juma hili tuliketi na fundi kupanga jambo tulilolitamani tangu kiangazi kilichopita: jukwaa la mbao nyuma ya nyumba, na juu yake paa la fito lililo wazi, la kutambaza mimea. Hapa Yaeda Chini jua la alasiri halina huruma, na ukuta wetu wa magharibi huendelea kutoa joto hata usiku.

Fundi alichora mita 4 kwa 5, akatufundisha mengi. Sisi tu jirani wa Ikweta. Mwezi wa Machi na wa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi. Fito tupu zingetupa mistari tu ya kivuli, hivyo sharti zifunikwe kwa nyasi au mmea utambaao. Nguzo zisifukiwe udongoni, maana mchwa hawalali. Zisimame juu ya misingi ya zege. Baina ya mbao pabaki upenyo mdogo, maji ya mvua yapate kupita. Wala miti isikatwe porini: mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hili walipata hati ya kimila ya ardhi yao, na pori linalowapa asali, mizizi na matunda lina wenyewe. Tukaafikiana kununua nguzo za mikaratusi ya kupandwa.

Ndipo fundi akauelekea mgunga ulio uani. "Huu utaondoka," alisema, "umeangukia katikati ya ramani." Tukaitikia. Tukiri kwamba tuliitikia upesi.

Chini ya mgunga ule alikuwa ameketi bibi mmoja, akingoja gari la kwenda Mbulu. Akauliza kwa upole: "Wanangu, mnakata kivuli ili mjenge kivuli?"

Hatukuwa na jibu. Kwa miaka mingi wasafiri, akina mama wenye watoto wagonjwa na wazee wenye mashauri wameketi pale bila kubisha hodi. Jukwaa tulilolichora lilikuwa na ngazi moja tu, nayo ilielekea mlango wa jiko letu. Tulimkumbuka nabii Yona nje ya Ninawi, akiufurahia mmea asioupanda wala kuukuza, na kuuhesabu kuwa wake. Mgunga ule nasi hatukuupanda.

Ramani imechorwa upya. Jukwaa limepungua kuwa mita 3 kwa 4, limesogezwa kando ya shina ili mizizi isiguswe, na ngazi yake ni pana, inaelekea njia ipitayo watu. Paa la fito litakinga upande wa magharibi tu, likitambazwa mpasheni utakaonyweshwa maji ya kuoshea vyombo. Kazi ya adhuhuri tumeuachia mgunga.

Gari lilimchukua bibi yule kabla hatujamshukuru. Basi, wapendwa, kabla ya kukubali ramani yoyote, tutazame kwanza ni nani ameketi pale tunapotaka kujenga.

Tunawatakia juma jema.