Maji Maangavu na Maji Safi

Msomaji kijana, ukiulizwa leo ni maji gani yaliyo safi, huenda ukajibu mara moja kwamba ni yale yaliyo maangavu, yasiyo na rangi wala harufu. Mimi nami niliamini hivyo nilipokuwa na umri kama wako, na imani hiyo iliangamiza samaki saba. Nakusimulia kisa hiki si kwa kuwa nakionea fahari, bali kwa sababu kosa la mtu mmoja, likielezwa vyema, laweza kuwa akiba ya watu wengi.

Nilikulia Embu, katika miteremko ya Mlima Kenya, ambako Rupingazi na Thuchi hushuka kwa kasi na ubaridi. Wazee wetu wa Embu na Meru hawakuwa walaji wa samaki. Nyanya yangu alimwita samaki nyoka wa majini, na alikuwa ameapa kwamba hataingia chunguni mwake. Lakini mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki katika sehemu nyingi za nchi, na haukupita muda mrefu mabwawa ya perege yakaonekana kando ya mashamba ya kahawa na majani chai. Jirani yetu mmoja alikuwa na bwawa, naye akaipa shule yetu vifaranga tisa vya perege. Mwalimu wa biolojia aliviweka katika tangi la kioo la lita 80, na mimi nikateuliwa kuwa mtunzaji.

Tangi lile lilikuwa na chujio la kawaida: kisanduku cha plastiki kilichojazwa kokoto na sifongo, pamoja na pampu ndogo ya hewa iliyoyasukuma maji yapite humo usiku na mchana. Miezi ilipopita, samaki walinawiri, lakini kokoto ziligeuka rangi ya kahawia na kuwa na utelezi. Utelezi ule ulinichukiza. Niliuona kuwa ni aibu ya mtunzaji mvivu.

Siku ya wazazi ilipokaribia, niliazimia kuiondoa aibu hiyo. Niliwahamisha samaki ndooni, nikamwaga maji yote, nikasugua vioo, nikachemsha kokoto, na sifongo nikaianika juani hata ikakauka kabisa. Kisha nikajaza maji mapya ya mfereji, ambayo nilikuwa nimeyaacha wazi kwa siku nzima ili dawa ya klorini itoke, kwa maana hilo nilifundishwa. Tangi likang'aa mithili ya almasi. Wageni walilisifu, na hata nyanya yangu alisimama mbele yake kitambo, akasema, “Mjukuu wangu, nyoka hawa wako wamekaa mahali pazuri kuliko mimi.” Naam, nilivimba kichwa.

Siku ya tatu nilikuta samaki wamepanda juu, wanatweta kwa midomo wazi. Siku ya sita saba walikuwa wamekufa. Na jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba maji yalikuwa bado maangavu kama machozi.

Mwalimu hakunikaripia. Aliniuliza tu, “Mwanangu, uliosha chujio, au uliwaua wafanyakazi wake?” Kisha akanieleza jambo ambalo sijalisahau. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki kikioza huongeza amonia hiyo. Amonia haionekani kwa macho, lakini ni sumu kali. Katika utelezi ule niliouchukia waliishi bakteria wasiohesabika. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu; kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa ni kidogo, na ambayo hunyonywa na mimea au huondolewa tunapobadilisha maji. Kwa maji ya moto na jua kali niliwaangamiza watumishi hao wote kwa siku moja. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliutupa mbacha uliowafaa samaki wangu, kwa tamaa ya msala wa kuwapendeza wageni.

Samaki wawili waliosalia tuliwarudisha bwawani kwa jirani. Tukachota humo kokoto kidogo zenye utelezi, tukazitia katika chujio, na kila siku tukadondosha punje chache za chakula ili zikioza ziwalishe bakteria. Tulingoja wiki sita, huku mwalimu akiyapima maji kwa dawa, mpaka amonia na nitriti zikatoweka. Ndipo samaki wetu wawili waliporudi nyumbani.

Tangu hapo niliishika kazi kwa kiasi. Kila wiki nilitoa robo ya maji na kurudisha mengine yaliyokwisha tulia. Uchafu wa chini niliunyonya kwa mpira mwembamba. Sifongo niliikamua taratibu ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini mle mle, wala sikutumia sabuni. Chakula nilitoa kile tu kiwezacho kumalizwa kwa dakika chache, na katika baridi ya mwezi wa Julai nilikipunguza, kwa kuwa perege akipatwa na baridi hula kidogo.

Pengine utasema, msomaji, kwamba haya ni mambo madogo ya tangi dogo. Basi nisikilize kidogo. Huko Mexico City, katika mifereji ya Xochimilco, huishi mnyama aitwaye aksoloto, wa jamii ya amfibia, mwenye matamvua nje ya kichwa mfano wa manyoya. Mguu wake ukikatika huota mwingine. Lakini uwezo huo haukumwokoa na maji machafu ya mji, wala na samaki wageni waliotiwa katika mifereji ile, akiwamo perege, huyu huyu wetu wa Afrika. Mwaka 1998 ilikadiriwa kwamba kulikuwa na aksoloto 6,000 katika kila kilomita mraba. Mwaka 2014 walikadiriwa kuwa 36 tu. Wengi sasa huishi katika matangi ya maabara na ya wafugaji, ambako uhai wao hutegemea chujio kama lile nililoliharibu.

Ukivuka Rupingazi siku moja, inama uguse jiwe lililo ndani ya maji. Utelezi utakaouhisi si uchafu wote. Humo wamo watumishi wanaousafisha mto bila mshahara wala sifa. Basi usafishapo kitu chochote, iwe tangi, kisima au mto, jiulize kwanza ni nani anayeishi humo na anafanya kazi gani. Weupe wa maji hupendeza jicho la mgeni. Usafi wa maji hujulikana na yule anayeishi ndani yake.