Kunde Isiyopasuka: Safari Yangu ya Kwanza Kimanga

Siku ya kwanza. Mimi ni wa Bukavu, mji wa baridi kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, na sikuwahi kushuka Uvira. Mto Ruzizi uliteremka nasi, ukipeleka maji ya Ziwa Kivu letu hadi Ziwa Tanganyika. Tulipofika Kamanyola nilivua sweta. Uvira nikatafuta kivuli. Usiku, nikiwa ufukweni Kimanga, mtaa wa Uvira, niliona ziwa limewaka taa za wavuvi kama mtaa mwingine juu ya maji. Yaya yangu, mwalimu wa biolojia, akanipakulia ndagala, samaki wadogo wa ziwa hilo. Ladha niliijua! Kumbe sambaza wetu wa Kivu walichukuliwa kutoka ziwa hilihili, mwishoni mwa miaka ya 1950.

Siku ya pili. “Mdogo wangu, umekula ndagala. Sasa uone chakula kinaanzia wapi.” Ndagala hula vijidudu, na vijidudu hula mwani. Akaweka hadubini dirishani, na tone la maji ya ziwa kutoka chupa iliyokaa juani. Nilishangaa: viduara vya kijani kama sombe iliyotwangwa, kila kimoja seli moja tu. Ni klorela, aina ya mwani; ukipanga 100 kwa mstari, ni vigumu kujaza milimita 1. Seli mama hugawanyika ndani ya ganda lake, akapata watoto 4, wakati mwingine 8, wamebanana kama kunde. Kisha ganda hupasuka, kila mtoto akaenda zake. Niling’ang’ania lenzi mpaka chai ikapoa.

Siku ya tatu. Akaleta chupa nyingine, aliyoitia kipande cha waya wa shaba siku kadhaa kabla. Seli zilikuwa chache, lakini baadhi zilikuwa kubwa mno! Nikasema, “Hizi zimenawiri.” Yaya akatikisa kichwa. Mwani huhitaji shaba kidogo sana. Ikizidi, seli huweza kuendelea kula mwanga na kuvimba, ila haigawanyiki, au watoto hubaki wamefungwa kwenye ganda la mama. Kwetu mkungu mnene ni baraka. Hapa unene ulikuwa ukoo unaokatika: seli moja kubwa mahali pa nne, na ziwani vijidudu vinavyoliwa na ndagala vingepungukiwa chakula.

Nilipokuwa nafunga mizigo, nilimwona akikaza kifuniko cha chupa ya shaba.

“Hii hairudi ziwani,” alisema, akaipandisha juu ya kabati.