Kota: Utamu Usiongoja

Mtoto aliyepandishwa dunguni kuamia ndege hana mshahara, ila ana kota. Tangu alfajiri hupiga kelele na kuvurumisha mawe kwa kombeo. Jua likiwa kali hushuka, akavunja bua la mtama mtamu, akalimenya kwa meno, akatafuna pingili moja baada ya nyingine. Mama yake akiyaona makapi yaliyotapakaa chini ya dungu hunung'unika kidogo, kisha hunyamaza, kwa maana hata yeye alilelewa hivyo. Mtama wa namna hiyo hupandwa mistari miwili mitatu tu kando ya shamba, na ni wachache wauhesabuo kuwa mali.

Kota lina tabia moja ambayo kila mtoto anaijua. Likivunjwa asubuhi na kuachwa juani, jioni ladha yake imekwisha kuharibika. Watu wengi wenye elimu na fedha, waliotafuta utajiri ndani ya bua hilo, walijikwaa katika jambo hilo hilo dogo.

Mmoja wa waliotangulia alikuwa Mwingereza, Leonard Wray, mjuzi wa mashamba ya miwa. Alipofika Natal, kusini mwa Afrika, aliwakuta Wazulu wakilima namna nyingi za mtama huo, wakiuita imfe. Akachukua mbegu, akazipeleka Ulaya, na mwaka 1857 zikapandwa South Carolina, katika Marekani. Mbegu nyingine zilikuwa zimekwisha kutangulia kwa njia ya mbali zaidi. Mwaka 1851 balozi mdogo wa Ufaransa katika Shanghai alizituma Paris kutoka China, ambako mtama wenyewe ulikuwa mgeni wa zamani, maana asili yake ni Afrika. Na kutoka Ufaransa zikavuka bahari kwenda Marekani.

Zilifika wakati wa haja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko mwaka 1861, sukari ya Louisiana ilizuiwa isifike kaskazini. Basi wakulima wa majimbo kama Ohio na Indiana wakapanda kota, wakasindika mabua yake kwa vinu vilivyozungushwa na farasi, na maji yake wakayachemsha hata yakawa asali nzito ya rangi ya kahawia. Wako waliofurahi kwa sababu iliyopita ya tumbo. Sukari ya Louisiana ililimwa na watumwa, na asali hii haikuwa na jasho la mtumwa ndani yake.

Vita vilipokwisha, mwaka 1865, tamaa ilizidi. Kama kota hutoa asali, kwa nini lisitoe sukari nyeupe? Serikali ya Marekani ilimpa kazi hiyo mkemia wake, Peter Collier, kisha Harvey Wiley aliyemfuata mwaka 1883, na majaribio makubwa yakafanywa Kansas. Sukari ilipatikana, lakini kwa shida na kwa gharama. Maji ya kota yana sukari za namna mbalimbali, na baadhi yake hazikubali kuganda chembe. Tena yana wanga unaoyafanya kuwa kama uji. Na mabua yaliyokaa yakingoja zamu yake kiwandani yalizidi kuharibika. Mkulima aliyefanya kazi yake nyumbani hakuwa na tatizo hilo, kwa kuwa kinu chake kilikuwa hatua chache kutoka shambani. Ndiyo sababu viwanda vile vilikufa, na asali ya kota ingali ikipikwa hata leo katika Kentucky na Tennessee.

Kazi yenyewe yataka macho kuliko nguvu. Mabua hukatwa punje zikiwa zimeacha kutoa maziwa na kuanza kuwa kama unga uliokandwa. Majani na masuke huondolewa, kwa maana yakipita kinuni huitia asali uchungu. Maji yaliyokamuliwa huchujwa, hutulizwa, kisha humiminwa katika karai pana lisilo na kina, juu ya moto wa polepole. Ndipo povu la kijani huanza kupanda, na mtu hana ruhusa ya kuondoka. Huliengua, likapanda tena, akaliengua tena. Mvivu wa kuengua hupata asali nyeusi yenye ladha ya nyasi. Debe moja la maji hutoa lita mbili hivi za asali, yaani mengine yote yamekwenda hewani kwa mvuke, na kuni zimekwenda pamoja nayo. Lakini makapi yakianikwa yakakauka, hayo nayo huwa kuni.

Masuke hayapotei, wala majani. Hapa, hata hivyo, pana hatari ambayo mfugaji aisahauye hulipa kwa ng'ombe mzima. Mtama mchanga, na hasa machipukizi yanayotoka kwenye visiki baada ya kukata, au mmea uliodumazwa na ukame kisha ukapata mvua, una sumu ya sianidi. Ng'ombe mwenye njaa akiingia humo huanza kuhema kwa haraka, huyumbayumba, na aweza kufa kabla mwenyewe hajafika kwa jirani kuomba msaada. Mtama uliokomaa una sumu kidogo tu. Na majani yaliyokaushwa vema, au yaliyoshindiliwa shimoni bila hewa kwa majuma kadhaa hata yakachachuka, hupungukiwa sana na ubaya huo. Zizi lililo karibu na shamba la visiki lahitaji mlango imara kuliko kinu kinavyohitaji mafuta.

Katika miaka ya karibuni kota limetafutwa kwa ajili ya injini. Maji yake yakitiwa hamira huchachuka upesi, na yakikenekwa hutoa alkoholi. (Wako watakaosema kwamba elimu hiyo haikuanza jana vijijini; lakini alkoholi ya kuchanganywa na petroli sharti iondolewe maji yote, na hilo chungu na bomba haviwezi.) Sifa za kota ni za kweli. Hukomaa kwa miezi minne hivi, na huvumilia nchi kavu ambako muwa ungekauka. Lakini mabua hayangoji kiwanda cha alkoholi kama yasivyokingoja kile cha sukari.

Wataalamu wa ICRISAT, wenye makao yao Patancheru katika India, waliliona jambo hilo. Mwaka 2008 kinu na makarai viliwekwa katika kijiji cha Ibrahimbad, ili wanakijiji wakamue na kuchemsha papo hapo, na kiwanda kipelekewe asali isiyooza. Utamu ukangoja. Ila kuni na mikono mingi vilipandisha gharama, na mnunuzi alipima asali ile kwa bei ya mafuta ya gari. Mkulima wa Kentucky hamuuzii mwenye injini. Huijaza asali yake katika chupa, akaiuza kwa watu wa kuimimina juu ya mkate wa moto.