Ile Sauti Haikuwa ya Gari Yetu

Gari yetu ilitengenezwa Uingereza, ikaja kulala London. London ya Nakuru, msichanganyikiwe. Ni MGB ya 1965, milango miwili, paa la turubai, na tangu nizaliwe sikuwa nimewahi kuiona ikitembea. Kwetu ilijulikana kama pahali kuku hutaga mayai.

Wengi wenu mmekuwa mkinifuata nikiifufua. Mnakumbuka ile video ya mwezi wa nne, injini inashika na mimi naruka nikipiga nduru. Hakuna video yangu nyingine imeonwa na watu wengi hivyo. Leo nataka kuwaambia ukweli wake, lakini wacha nianzie mbali kidogo.

Guka wangu alikuwa fundi kwa gereji moja hapa tao. Miaka ya sabini mkulima mmoja mzungu wa upande wa Subukia alikuwa anauza vitu vyake arudi kwao, guka akainunua hiyo gari kwa kulipa kidogo kidogo. Alikuwa anampeleka shosho kanisani nayo. Mwaka wa 1998 ikachemka ikipanda Mbaruk, ikazima, ikavutwa hadi nyumbani. Guka akasema ataitengeneza karo ya watoto ikiisha. Karo haiishi.

Karo ndiyo ilinitoa chuo hata mimi. Nilikuwa mwaka wa pili, uhandisi wa mitambo, deni likapanda, nikaacha. Hiyo hutokea kwa watu wengi. Shida ni kwamba sikumwambia mtu. Muhula mzima nilikuwa natoka nyumbani asubuhi na begi mgongoni, naenda kukaa Nyayo Gardens nahariri video kwa simu, jioni narudi nikijifanya nimechoshwa na maabara. Mzee alipojua hakunitukana. Aliacha tu kunisemesha. Ukimsalimia anaitikia, basi.

Ni guka aliyesema, "Kama uko nyumbani, fungua hiyo gari." Macho yake yameisha kwa sababu ya glakoma, anaona mwanga na vivuli tu. Akaomba kiti chake kiwekwe kando ya kibanda cha mabati.

Sasa niwaambie kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu nyinyi nilikuwa nawaonyesha vipande vitamu tu.

Injini ya MGB ni silinda nne, sisi 1798. Yetu ilikuwa imejam. Unaweka spana kwa krenki, unavuta na uzito wako wote, haisongi. Guka akasema tutoe plagi, tumwage dizeli kidogo ndani ya kila silinda, halafu tungoje. Tungoje siku ngapi? "Mpaka ikubali." Ilikubali siku ya kumi na moja. Siku kumi na moja za kumwaga dizeli na kusukuma. Ukirekodi hiyo, nani atatazama?

Halafu boliti. Spana za mtaa karibu zote ni za milimita, na hii gari ni ya inchi. Nililazimisha 13 kwa boliti ya nusu inchi. Inaingia, lakini ina nafasi kidogo, na hiyo nafasi ndiyo inakula kichwa cha boliti. Niliharibu tatu. Guka akasikia chuma kikiteleza, akasema, "Hiyo si spana yake." Akanituma chini ya kitanda chake. Kulikuwa na sanduku la spana za inchi, zimefungwa kwa kitambaa chenye oili. Ameziweka hapo miaka hiyo yote.

Betri pia. Gari za siku hizi, hasi ndiyo inafungwa kwa bodi. MGB ya 1965 ni kinyume, chanya ndiyo inaenda kwa bodi, na betri zenyewe ni mbili za volti 6, zinakaa nyuma ya viti. Jamaa wa waya alikuwa ashaanza kuunganisha vile amezoea, guka akauliza kutoka kwa kiti, "Umeweka gani kwa bodi?" Jamaa akafungua akaanza upya.

Tulipotoa kichwa cha injini tukapata gasketi imeungua kati ya silinda mbili. Basi injini yote ikashuka chini. Krenki ikaenda kwa mashine kuchongwa. Ringi, beringi na gasketi tukaagiza Uingereza. MGB zilitengenezwa zaidi ya nusu milioni kati ya 1962 na 1980, kwa hivyo vipuri bado vipo. Lakini kuna bei, kuna usafiri, halafu kuna ushuru. Mzigo ukakwama. Wiki tano sina kitu cha kuonyesha. Wafuasi wakaanza kupungua, komenti zote ni "imeshinda nini?"

Ndio nikafanya ile video. Nilichukua sauti ya injini kutoka kwa intaneti nikaibandika. Binamu yangu akachoma matambara nyuma ya ekzosi ndiyo moshi uonekane. Mimi nikaruka. Siku hiyo chini ya boneti hakukuwa na kitu. Injini ilikuwa kwa gunia, vipande vipande.

Na sitawadanganya mara ya pili kwa kusema uongo haulipi. Ulilipa. Pesa ya hiyo video ndiyo ilitoa ringi forodhani. Hata sasa sijui niiweke wapi hiyo kichwani.

Binamu akamchezea guka ile video, akidhani atafurahi. Guka akasikiliza, akaomba irudiwe. Akasema, "Ni gari nzuri. Lakini hiyo ni silinda sita." Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia, "Naona umebeba begi tena."

Hakuongeza neno. Nilitoka nje nikakaa na kuku.

Tangu Safari Rally irudi kwa ratiba ya dunia mwaka wa 2021, kila mwaka tunajaa Naivasha na simu juu. Tunarekodi sekunde tatu za vumbi, tunaenda nyumbani. Hakuna anayemrekodi yule fundi amelala chini ya gari, dakika zake zimehesabiwa. Na sisi tunaotengeneza kontenti tumewafunza kwamba maisha ni picha mbili, kabla na baada. Mtu akiwa katikati, kama vile nilikuwa, anaona aibu, anaanza kuigiza baada. Mimi niliigiza kwa mzee muhula mzima, halafu nikaigiza kwenu.

Tuliunganisha injini mwezi wa saba. Valvu tuliziseti kwa inchi 0.015, mimi nazungusha krenki, guka anapima kwa vidole na kile kibati chembamba. Waya za plagi zinafuata 1, 3, 4, 2. Nilijua, na bado nikabadilisha mbili. Jaribio la kwanza, kimya. La pili ikapiga kama bunduki kupitia kwa kabureta, kuku wote wakahama. Nikarekebisha waya. La tatu ikashika.

Ilikimbia kama sekunde arobaini. Ilikuwa inakohoa, moshi mweusi, harufu ya petroli kila mahali. Kabureta tulikuwa tumeziseti vile kitabu kinasema, lakini hicho kitabu kiliandikwa Uingereza, na Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Guka akaniambia nipandishe jeti kidogo, ipunguze petroli. Tukawasha tena. Ikatulia.

Mzee akatoka nyumbani. Akasimama mlangoni kwa kibanda, mikono mfukoni.

"Imewaka?"

Nilitaka kusema ndiyo tu. Nikasema, "Imewaka, lakini inavuja oili."

"Inavujia wapi?"

Sikujua. Akavua koti, akachukua gunia, akatandika chini, akalala chali kuangalia.

Hiyo hakuna video yake. Simu ilikuwa tochi, nilikuwa nimemshikia.

Ile video ya mwezi wa nne sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba sauti si ya gari yetu. Kama utaacha kunifuata kwa hiyo, nakuelewa. Ukibaki, jua kwamba gari bado haina breki, sakafu upande wa dereva imeoza, na rangi hatujafikiria hata. Oili inavujia kwa sili ya nyuma ya krenki. Hiyo inamaanisha injini inashuka tena Jumamosi. Mzee amesema nisianze kabla atoke kazini.