Haivuji

Nilimwambia mnunuzi kwamba pikipiki haivuji. Nilisema kwa simu, nikiwa nimesimama uani kwetu Kihonda, Morogoro, huku nikitazama doa jeusi la oili mchangani chini ya injini. "Haivuji, kaka. Njoo Jumamosi uione." Ilikuwa Jumatatu.

Nilikuwa na shida ya hela. Ada ya mwaka wa pili wa uzamili ilikuwa imebaki laki nane, na baba mwenyewe ndiye aliyesema, "Uza Honda." Alisema kama mtu anayesema uza kuku. Lakini Honda hiyo, CG125, ndiyo iliyompandisha milima ya Mgeta miaka yote aliyokuwa bwana shamba, akizungukia wakulima wa karoti na kabichi. Tangu nyonga ianze kumsumbua, ilikuwa imekaa miaka miwili chini ya mwembe. Niliiwasha mwezi mmoja kabla ya kuitangaza, na siku hiyohiyo ikaanza kudondosha.

Fundi wa barabarani alinipaka silikoni kuzunguka kava la klachi kwa nje, akachukua elfu kumi. Ilishika siku tisa. Mimi nilihitaji siku moja tu. Mpango wangu ulikuwa kuiosha, kupaka tena, na kuiegesha kwenye sakafu safi ya baraza.

Baba alinikuta na tyubu mkononi.

"Unapaka nini, mama?"

"Gundi, baba. Inavuja kidogo."

"Inavuja wapi?"

Nikamwonyesha chini ya injini.

"Hapo ndipo inapodondokea. Nimekuuliza inavuja wapi."

Aliagiza kiti chake kiletwe karibu. Akaniambia niioshe injini kwa petroli kidogo na brashi, niikaushe kabisa, kisha niipake poda. Nilidhani anatania. Nikachukua poda ya mtoto wa dada yangu, nikaipuliza juu ya kava lote mpaka injini ikawa nyeupe kama imepakwa unga. Nikaiwasha, ikanguruma dakika kumi. Mstari mwembamba wa kahawia ukajitokeza upande wa juu wa kava, nyuma ya bolti ya tatu, ukateremka taratibu hadi chini. Mwezi mzima nilikuwa nahangaika na mwisho wa safari ya oili.

Jumanne nilimwaga oili, nikailaza pikipiki kidogo upande wa kushoto, nikafungua kiki na waya wa klachi, halafu bolti moja moja. Bolti hizo hazilingani urefu. Baba alikuwa ameshachora umbo la kava kwenye kipande cha boksi na kutoboa matundu, kila bolti ikachomekwa kwenye tundu lake. Kava lilipotoka, gasketi ya zamani ilikuwa imekauka na kukatika kama jani la tumbaku, na juu yake kulikuwa na tabaka mbili za silikoni za watu wasiofahamiana.

Nikachukua bisibisi nikwangue. "Weka chini," baba alisema. Kava ni la alumini, laini. Mkwaruzo mmoja wa bisibisi unaovuka ukingo ni mfereji, na oili haihitaji zaidi ya hapo. Nikatumia wembe, nikiulaza karibu sambamba na chuma, huku nimeziba mdomo wa injini kwa kitambaa ili makombo yasiingie ndani. Kazi hiyo ilinichukua saa mbili na nusu. Kisha tukaweka msasa laini juu ya kioo cha dirisha, nikalisugua kava polepole kwa kulizungusha. Sehemu zilizong'aa zilikuwa zimegusa, na sehemu zilizobaki na weusi zilikuwa mabonde. Niliendelea mpaka ukingo wote ukang'aa.

Nilipokuwa nasugua, baba aliuliza bila kunitazama, "Huyo mnunuzi umemwambia inavuja?"

Ningeweza kunyamaza. "Nimemwambia haivuji."

Alitikisa kichwa kidogo. "Basi una mpaka Jumamosi."

Jumatano nikabeba kava hadi dukani kwa vipuri, nikalilaza juu ya gasketi mbalimbali mpaka matundu yakalingana. Haikuwa shida kuipata. CG125 ilitoka mwaka 1976, na Honda waliibuni kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki inafanya kazi nyingi na kupata matunzo machache. Vali zake zinasukumwa na fito badala ya kuendeshwa na mnyororo. Viwanda vya China viliiga injini hiyo, kwa hiyo bodaboda nyingi zinazotupita barabarani ni wajukuu zake.

Niliporudi, baba alikuwa na swali jingine. "Bomba la kupumulia umelitazama?" Sikujua kama injini inapumua. Akaeleza. Kila pistoni inaposhuka, kuna gesi kidogo inayopenya kando ya ringi na kuingia chini kwenye oili. Gesi hiyo lazima itoke. Ikikosa njia, inajaza shinikizo ndani na kusukuma oili kwenye sehemu dhaifu kuliko zote. Nikauvuta mpira mwembamba uliokuwa nyuma ya injini. Ulikuwa umezibwa na udongo mgumu. Nyigu walikuwa wamejenga humo katika ile miaka miwili. Hata gasketi mpya ingevuja.

Alhamisi nilifunga. Gasketi kavu, na silikoni tone jembamba tu pale nusu mbili za injini zinapokutana. Ukipaka nyingi, inayobaki hukamuliwa ndani, ikakatika, ikaenda kuziba chujio la oili. Bolti zinakazwa kwa mkono kwanza, kisha kwa spana fupi, kwa kuruka upande hadi upande, mzunguko baada ya mzunguko. Ya mwisho niliiona kama imelegea, nikaiongezea robo. Ghafla ikawa nyepesi. Uzi ulikuwa umekufa.

Nililia, nakiri. Baba akaniambia nitafute bolti ndefu kidogo, ishike uzi mzima uliobaki ndani kabisa mwa tundu. Ilishika. Nikajaza oili, nikapaka poda tena, nikaendesha hadi Msamvu na kurudi. Poda ilibaki nyeupe.

Jumamosi mnunuzi alifika, kijana wa bodaboda, akamwamkia baba, akachuchumaa. Akapitisha kidole chini ya kava lote, akakitazama. Kikavu. "Kweli haivuji, dada."

Maneno yangu ya Jumatatu yalikuwa yamekuwa kweli. Ningeweza kuishia hapo. Baba alikuwa kwenye kiti chake anamenya chungwa, wala hakunitazama.

"Bolti hii," nikasema, "uzi wake niliuua mimi. Imeshika, lakini usimruhusu fundi aikaze zaidi. Siku ukifungua, uchongeshe uzi upya."

Akafikiri, akakata elfu hamsini. Ilikuwa hela ninayoihitaji, na iliniuma. Nilikopa kwa rafiki, nikamaliza kumlipa Desemba.

Alipokuwa anahesabu noti aliuliza nani ameifunga. Baba akanyoosha kisu chake cha chungwa kunielekeza mimi.

Wiki kadhaa baadaye niliiona kijiweni, karibu na geti la chuo. Niliinama kutazama chini ya injini kabla hata sijamsalimu mwenyewe.