Nyumba ya Kolobeng

Sisi tuandikao ni watu wawili, mwalimu na mkewe, na kwa miaka mingi tumekaa katika vijiji vilivyo mbali na barabara. Watoto wa shule twawasimulia mara kwa mara habari za Dakta David Livingstone. Wajua kwamba alikutana na Stanley pale Ujiji mwaka 1871, na kwamba Susi na Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake mpaka Bagamoyo baada ya kufa kwake mwaka 1873. Lakini tukiwauliza jina la mke wake, darasa zima hunyamaza, na walimu wenzetu nao hutazamana. Kwa hiyo tumeona yafaa kuandika habari za nyumba yake, maana yaliyokuwamo yafanana sana na yaliyomo katika nyumba zetu.

Jina lake lilikuwa Mary, binti wa Robert Moffat, mhubiri wa Kuruman katika Afrika ya Kusini. Alizaliwa mwaka 1821 huko huko Afrika, akakua akisema Kitswana pamoja na watoto wa majirani. Mwezi wa Januari mwaka 1845 aliolewa na Livingstone. Wakakaa Mabotsa, kisha Chonuane. Na maji yalipowapungukia huko, wakahamia kando ya mto Kolobeng mwaka 1847, pamoja na mfalme Sechele na watu wake wa kabila la Bakwena. Mahali hapo pamo katika nchi iitwayo sasa Botswana.

Duka halikuwako. Mishumaa waliifanya wenyewe, na siagi pia. Sabuni waliipika kwa mafuta na majivu ya mimea. Unga ulisagwa nyumbani, na mkate ukaokwa katika shimo lililochimbwa ndani ya kichuguu na kupashwa moto. Asubuhi walisali, wakala, kisha wakafundisha wakubwa kwa wadogo mpaka saa tano. Hapo mume aliingia katika kazi za uhunzi, useremala na bustani, na mke katika kazi za nyumba. Baada ya chakula cha mchana na kupumzika saa moja, Bibi Mary alifungua shule yake ya watoto wadogo, ambao kwa kawaida walifika mia. Siku nyingine aliwafundisha wasichana kushona. Naye wakati huo alikuwa akilea watoto wake mwenyewe, mmoja mgongoni na mwingine akitambaa. Mwalimu yeyote aliyekabiliana na watoto mia wakati wa jua kali afahamu maana ya maneno haya.

Kisha ukaja ukame. Mwaka wa kwanza mfereji waliouchimba na wenyeji ulinywesha mashamba vizuri. Lakini mvua ikakatika mwaka baada ya mwaka, hata mto wenyewe ukakauka na samaki wakafa. Wanawake wa Bakwena waliuza mapambo yao ili wapate nafaka, na watoto wakachimba mizizi porini. Nzige walipokuja walipokewa kama baraka, wakaliwa. Na watoto wa mhubiri walipenda sana kula vyura wakubwa wa nchi ile. Wazee wengine walifikiri kwamba mvua imefukuzwa na mahubiri. Hawakumchukia mgeni wao. Walimsihi kwa upole aache kuhubiri na kusali. Ni jambo zito kukaa kati ya majirani wanaokupenda nao wakidhani kwamba wewe ndiwe sababu ya njaa yao.

Lakini taabu kubwa zaidi ilitoka katika safari. Mwaka 1850 Livingstone aliwachukua mkewe, aliyekuwa na mimba, na watoto watatu mpaka ziwa Ngami, na watoto wakashikwa na homa. Mtoto aliyezaliwa baada ya kurudi alikufa kabla hajatimiza miezi miwili. Mama mzazi wa Bibi Mary akamwandikia mkwewe barua ya kumlaumu vikali. Hata hivyo mwaka 1851 walisafiri tena, naye alikuwa na mimba nyingine. Katika nyika kavu kiongozi wao aliipoteza njia, na maji yakakaribia kwisha. Watoto wakalia kwa kiu. Mume mwenyewe aliandika baadaye kwamba mkewe hakumlaumu hata kwa neno moja, ila machozi yake aliyaona. Siku ya tano ndipo watu wakarudi na maji.

Habari hii tuliisoma pamoja jioni moja, wala hatukupatana. Mmoja wetu alisema, "Mwanamume huyu aliitwa, na mwenye kuitwa hachagui njia." Mwingine akajibu, "Je, watoto nao waliitwa? Nani aliwauliza?" Tulibishana mpaka taa ikapungua mafuta, na hata leo hatujakubaliana kabisa. Tunakubaliana kwa neno moja tu: kunyamaza kwa yule mama hakukuwa kukubali. Mtu aweza kunyamaza kwa sababu amechoka, au kwa sababu ajua ya kwamba maneno hayaleti maji.

Mwaka 1852 Livingstone aliwapandisha mkewe na watoto wanne katika meli pale Cape Town, waende Uingereza. Mwaka huo huo nyumba ya Kolobeng ilivunjwa na kutekwa vitani. Zaidi ya miaka minne Bibi Mary alihamahama huko na watoto, fedha zikiwa chache, na sifa za mumewe zikikua. Akamwona tena mwezi wa Desemba 1856. Mwaka 1862 alimfuata mpaka mto Zambezi, akafa kwa homa pale Shupanga, katika nchi ya Msumbiji, tarehe 27 Aprili, mwenye umri wa miaka 41. Wakamzika chini ya mbuyu.

Wasomaji wapenzi, hatukuandika haya ili kumshusha mtu aliyefanya kazi kubwa. Twaandika kwa kuwa kijijini kwetu pia kisima hukauka, na mwalimu akiwa mkutanoni ni mke achotaye maji mbali, alimaye shamba, abebaye mtoto mwenye homa usiku kwenda zahanati. Mwalimu akihamishwa, watu humshukuru kwa hotuba na kuku. Mke hufunga mizigo.

Sisi tulipoletewa habari ya kuhamia mahali pa mbali zaidi, tuliketi wawili na kuulizana: maji yako wapi, zahanati iko wapi, watoto watasoma wapi? Tukahesabu, kisha tukakubali kwenda, kila mmoja kwa kinywa chake. Mzigo uliokubaliwa na wawili haupungui uzito, lakini wachukuzi huwa wawili. Basi, mtu akiitwa kwenda mbali, na aulizwe pia aliye jikoni. Na mkiwafundisha watoto habari za Livingstone, waandikieni ubaoni na jina la pili: Mary.